Tusiharakishe Kuitupa Deki



Juma lililopita tulitembelewa na ndugu yetu mmoja ambaye kwa miaka mingi anaishi na familia yake Ohio, Marekani. Baada ya kula na kuulizana habari za wazee, alitutolea swali ambalo mwanzoni tulilicheka. Nyumbani kwake ipo deki ya DVD, na chini yake sanduku la filamu. Watoto wanataka vitu hivyo viondolewe, kwa kuwa baba yao hulipia huduma tatu za kutazama filamu mtandaoni, na deki, kwa maneno yao, ni takataka ya wazee. "Padre," alituambia, "mimi nilikuwa mtu wa bahasha nyekundu. Diski zilinijia kwa posta, nami nikazirudisha kwa posta. Bahasha zilipokoma, nikabaki na mtandao kama watu wote. Sasa nikiitupa hii deki, nitakuwa nimepoteza nini hasa?"

Tulimjibu kwa mzaha, naye akaaga. Lakini swali lake halikuondoka pamoja naye, nasi tumeona heri tulijibu hapa kwa uzito linaostahili. Jibu letu tunalitanguliza: asiitupe. Tena tunasema zaidi. Wale wanaotuambia kwamba kati ya diski ya kukodi na filamu ya mtandaoni hakuna tofauti ila ya kasi, wanatuficha jambo lililo kubwa kuliko kasi. Tofauti ya kweli imo katika swali hili: filamu ikishatengenezwa na kulipiwa, ni nani mwenye mamlaka juu yake?

Kwa faida ya wale ambao hawakupata kuiona huduma ile ya bahasha, yafaa tueleze kwa kifupi. Kampuni ya Netflix iliasisiwa California mwaka 1997 na Reed Hastings na Marc Randolph, na mwaka 1998 ikaanza kukodisha filamu kwa njia ya posta. Filamu ya kwanza kutumwa, mwezi Machi mwaka huo, ilikuwa Beetlejuice. Mwaka 1999 ulianza mtindo wa ada ya mwezi, na huduma ikapata sura iliyojulikana na wengi: mteja aliorodhesha filamu alizozitaka, kampuni ikamtumia diski ndani ya bahasha nyekundu, naye akakaa nayo apendavyo pasipo faini ya kuchelewa. Alipoirudisha, kwa bahasha iliyokwisha kulipiwa gharama ya posta, alitumiwa iliyofuata katika orodha yake. Mkulima aliyekaa mbali na mji, ambako intaneti ilikuwa ya kusuasua, aliweza kupata filamu zile zile alizopata mkazi wa New York, mradi tarishi alifika mlangoni pake.

Sasa tujiulize: kampuni hiyo ilipata wapi ruhusa ya kukodisha filamu ambazo haikuzitengeneza? Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Haikuhitaji ruhusa. Mwaka 1908 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya Bobbs-Merrill dhidi ya Straus. Mchapishaji alikuwa amechapa ndani ya riwaya iitwayo The Castaway onyo kwamba hakuna muuzaji aliyeruhusiwa kuiuza kwa bei iliyo chini ya dola 1. Wenye duka la Macy's waliiuza kwa senti 89. Mahakama ikaamua kwamba mwenye hakimiliki akishaiuza nakala na kupokea fedha yake, hana tena mamlaka ya kumpangia mnunuzi bei ya kuiuza nakala hiyo. Kanuni hiyo iliingizwa katika sheria ya hakimiliki ya nchi hiyo. Ndiyo inayompa mwenye nakala halali ya kitabu au filamu haki ya kuiuza, kuiazimisha au kuigawa, na ndiyo waliyoitegemea wakodishaji wa filamu wa Marekani.

Nguvu ya kanuni hiyo ilionekana mwezi Januari 2010. Studio ya Warner Bros. ilitaka filamu zake mpya zisikodishwe mara tu zinapoanza kuuzwa madukani. Haikuweza kuamuru. Ilibidi ipatane na Netflix, nayo Netflix ikakubali kusubiri siku 28 kwa masharti yaliyokuwa na faida kwake. Mwenye filamu alilazimika kuzungumza na mwenye diski, kwa sababu mwenye diski alikuwa na haki yake.

Tulinganishe na upande wa pili. Mwaka 2007 kampuni hiyo hiyo ilianza utiririshaji, yaani filamu inakuja kwa intaneti wakati ule ule inapotazamwa, wala haibaki kwa mtazamaji. Hapo kanuni ya 1908 haina la kufanya, maana hakuna nakala iliyouzwa. Kuna ruhusa tu, yenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kukoma. Kampuni ya mtandaoni hupewa ruhusa na mwenye filamu, na mtazamaji hupewa ruhusa ndani ya ruhusa. Wapo waliojaribu kuipanua haki ya mnunuzi ifike hata kwenye mafaili. Mwaka 2018, katika kesi ya ReDigi, mahakama ya rufaa yenye makao New York ilikataa kwamba mtu aliyenunua faili la muziki kwa halali angeweza kuliuza tena kupitia huduma hiyo kama auzavyo santuri, kwa hoja kwamba kulihamisha faili ni kutengeneza nakala mpya.

Matokeo yake si ya vitabuni tu. Mwisho wa Februari 2012 ulikoma mkataba kati ya Netflix na kampuni ya Starz, mkataba uliokuwa umewapa watazamaji wa mtandaoni filamu nyingi, zikiwemo za Disney. Filamu hizo zikaondolewa mtandaoni kwa Netflix. Je, diski za filamu hizo zilizokuwa ghalani? Hazikuguswa na mwisho wa mkataba huo, kwa sababu hazikukaa pale kwa hisani ya Starz. Kampuni ilikuwa moja, mteja ni yule yule, filamu ni ile ile. Ile ya bahasha ilibaki, ile ya mtandao ikaondoka. Yeyote anayetuambia kwamba njia hizi mbili hutofautiana kwa kasi tu, na atueleze kisa hicho.

Tunajua tutakavyojibiwa. Hoja ya kwanza ni kwamba watu wenyewe walichagua. Hakuna aliyewalazimisha, wanasema. Walipewa njia mbili, wakaiacha ya posta. Hoja hii ina sehemu ya ukweli, nasi hatutaikana. Watu waliupenda mtandao, na walikuwa na sababu. Mwaka 2022 diski ziliipatia Netflix dola milioni 145.7 katika mapato ya jumla ya takriban dola bilioni 31.6, yaani chini ya nusu ya asilimia moja. Mfanyabiashara akiifunga huduma iliyofikia hapo, hatuwezi kumwita mwovu.

Lakini tukumbuke pia jinsi mlango ulivyosukumwa. Hadi katikati ya mwaka 2011 mteja wa Marekani aliweza kupata mtandao pamoja na diski moja kwa wakati mmoja kwa dola 9.99 kwa mwezi. Julai mwaka huo ilitangazwa kwamba vitu hivyo vitatenganishwa, dola 7.99 kwa kimoja na dola 7.99 kwa kingine. Aliyetaka kubaki na vyote alipaswa kulipa dola 15.98, ongezeko la asilimia 60. Septemba Hastings akatangaza kwamba huduma ya diski itahamishiwa katika tovuti nyingine na kuitwa Qwikster. Ghadhabu ya wateja ikawa kubwa, hata Oktoba mpango wa Qwikster ukafutwa. Bei, hata hivyo, hazikurudi zilikotoka. Katika robo ya tatu ya mwaka huo kampuni ilipoteza wateja wapatao 800,000 nchini Marekani. Mtu aliyekuwa na vyote viwili akaambiwa achague kimoja au alipe zaidi, kisha akachagua kimoja, ni haki kusema alichagua. Si haki kusema alichagua bila kusukumwa.

Zaidi ya hayo, uchaguzi ulio kamili hudai mchaguaji ajue anachokiacha. Ni wangapi walioambiwa kwamba wanaacha haki iliyolindwa na sheria na kushika ruhusa inayoweza kufutwa? Waliambiwa habari ya kasi, ya wingi na ya bei nafuu. Bei yenyewe haikukaa: kifurushi cha mtandao kilichouzwa dola 7.99 mwaka 2011 kilikuwa na mwenzake, kile cha kawaida kisicho na matangazo, kilichopandishwa hadi dola 17.99 Januari 2025. Na Januari 2024 huduma ya Prime Video iliingiza matangazo Marekani katika filamu ambazo wateja walikuwa wamekwisha kuzilipia, ikawataka waongeze dola 2.99 kwa mwezi wakitaka yaondolewe. Diski haina uwezo huo. Ulivyoipokea ndivyo itakavyokuwa mwakani.

Hoja ya pili ni kwamba diski nayo ina dosari zake. Ni kweli, na mtetezi wa diski anayezificha hasaidii. Diski hukwaruzika. Bahasha hupotea njiani. Aliyetamani filamu Ijumaa jioni huenda aliipata Jumatatu, hamu ikiwa imekwisha. Watengenezaji wenyewe walizifunga kwa kanda: DVD ya Marekani ni ya kanda ya 1, ilhali Tanzania na Kenya ziko kanda ya 5, na hivyo filamu iliyoletwa zawadi kutoka ng'ambo yaweza kukataliwa na deki ya nyumbani ambayo haikufunguliwa kwa kanda zote. Tena ziko filamu nyingi zilizotengenezwa kwa ajili ya mtandao ambazo hazikutolewa katika diski hata mara moja. Mgonjwa asiyeweza kuinuka kitandani, au mama anayenyonyesha usiku wa manane, mtandao humfaa kuliko diski iliyoko rafuni. Hayo yote tunayakubali. Dosari hizo, lakini, ni za kifaa na za usafiri, na mtu aweza kuzitafutia dawa. Dosari ya utiririshaji imo katika mkataba wenyewe, na mteja hana dawa yake.

Hoja ya tatu ndiyo inayotusikitisha zaidi, nayo husemwa kwa kucheka: hizi ni burudani tu, zikiondoka zitakuja nyingine. Tunauliza, je, ni burudani tu? Julai 2009 kampuni ya Amazon ilifuta kwa mbali, kutoka katika vifaa vya Kindle vya wateja, nakala za vitabu viwili vya George Orwell, 1984 na Animal Farm, kwa kuwa aliyeviweka sokoni hakuwa na haki navyo. Wateja walirudishiwa fedha, na kampuni ikaomba radhi. Lakini jambo lilikwisha kudhihirika: kitabu kilichonunuliwa kiliweza kuondolewa nyumbani kwa mtu naye amelala. Hakuna muuza vitabu wa mtaani ambaye angethubutu kuingia chumbani mwa mteja kuchukua kitabu alichomuuzia, hata kama angeacha fedha mezani.

Au tuangalie mfululizo wa Willow. Ulianza kuonyeshwa Disney+ mwishoni mwa Novemba 2022. Mei 2023, kabla hata miezi sita haijatimia, uliondolewa katika huduma hiyo pamoja na kazi nyingine nyingi, katika mpango wa kupunguza gharama. Hapakuwa na mkataba na mgeni uliokoma. Aliyeuondoa ndiye aliyeutengeneza. Waigizaji, mafundi wa taa, washonaji wa mavazi, waandishi, wote walifanya kazi, na mtu aliyetaka kuwaonyesha wanawe kazi hiyo hakuwa na diski ya kuichomoa kabatini. Kazi ya mikono ya watu isipokuwa na nakala mikononi mwa watu, uhai wake hutegemea hesabu za mwisho wa mwaka za mwenye kampuni. Hilo si jambo dogo.

Na kuna jambo la neno lenyewe. Kwa miaka mingi kwenye maduka ya mtandaoni pamekuwa na kitufe kilichoandikwa "nunua", na aliyekibonyeza aliamini amenunua. Bunge la jimbo la California liliona udanganyifu uliomo, likapitisha sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2025. Sheria hiyo inamkataza muuzaji wa bidhaa za kidijitali kutumia neno kama hilo pale anapotoa leseni inayoweza kuondolewa, isipokuwa amemweleza mteja wazi kwamba anachopata ni leseni. Ndugu wapendwa, jimbo lililo makao ya kampuni kubwa za filamu na za mtandao limelazimika kutunga sheria ili neno "nunua" liwe na maana ya kununua. Tunahitaji ushahidi gani zaidi?

Huku kwetu Afrika Mashariki jambo hili linatuhusu kwa namna yake. Bahasha nyekundu haikutufikia kamwe. Netflix ilipofika, Januari 2016, siku ilipojifungua kwa nchi zaidi ya 130 kwa mpigo, ilikuja kwa mtandao peke yake. Sisi hatukupewa njia mbili tukaacha moja. Tulikuta njia moja. Ndugu zetu wa Kenya walionja pia tabia ya njia hiyo. Septemba 2021 walipewa kifurushi cha bure cha kutazama katika simu za Android. Novemba 2023 kifurushi hicho kikaondolewa. Aliyetoa alikuwa na haki ya kuondoa, kwani kilikuwa chake tangu mwanzo. Ndivyo tunavyosema.

Turudi basi kwa ndugu yetu wa Ohio. Hatumwambii avunje mkataba wake na mtandao na kujifungia katika karne iliyopita. Tunampa mashauri manne.

Kwanza, alipie huduma moja tu ya mtandao kwa wakati mmoja. Akimaliza anayoyataka, asitishe, ahamie nyingine. Hana deni la uaminifu kwa kampuni isiyomwahidi kubaki na filamu yoyote.

Pili, zile filamu ambazo familia huzirudia kila mwaka, zile ambazo angependa wajukuu wazione, azitafute katika diski. Madukani pa vitu vilivyokwisha kutumika huko Marekani huuzwa kwa bei ndogo, kwa sababu watoto wa watu wengine nao wamewashauri wazazi wao kama wa kwake walivyomshauri. Tunasema diski halali. Hatutetei nakala za wizi zinazomnyima mtunzi jasho lake.

Tatu, akumbuke maktaba. Maktaba nyingi za umma za Marekani huazimisha DVD bila malipo, kwa msingi ule ule wa haki ya mwenye nakala. Wala kukodi kwa posta hakukufa kabisa. Duka la Scarecrow Video la Seattle, lililoanzishwa mwaka 1988 na kugeuzwa kuwa shirika lisilo la faida mwaka 2014, lina hazina ya filamu zaidi ya laki moja, na limeanzisha huduma ya kuwakodisha kwa posta watu walio mbali. Taasisi za namna hiyo huishi kwa kutumiwa. Zikiachwa, hufungwa, kisha husemwa tena kwamba watu walichagua.

Nne, awaeleze watoto. Asiwagombeze kwa kuidharau deki, kwa maana hawakufundishwa. Awaketishe siku moja, awaonyeshe sanduku, awaambie: hizi ni zetu, tunaweza kumwazima jirani, tunaweza kumpa shangazi, hakuna mtu wa mbali atakayezifuta. Zile za mtandaoni tunaruhusiwa kuzitazama kwa sasa. Mtoto akizielewa sentensi hizo mbili amejifunza jambo litakalomfaa siku atakapotia sahihi mkataba wa nyumba au wa kazi.

Tumalizie kwa kukumbuka siku ya mwisho ya bahasha. Tarehe 29 Septemba 2023 Netflix ilituma diski zake za mwisho, baada ya kutuma zaidi ya bilioni 5.2 katika miaka 25. Wateja waliokuwa na diski mkononi siku hizo waliambiwa wabaki nazo, wasizirudishe. Huduma ilikufa, lakini mteja alibaki ameshika kitu. Siku moja huduma za mtandaoni zinazotamba sasa zitafungwa nazo, moja baada ya nyingine, kwa maana hakuna kampuni isiyo na mwisho. Siku hiyo mteja aliyezilipia miaka ishirini atabaki ameshika nini?

Ndugu yetu, usiitupe deki. Ipanguse vumbi, tena uangalie kama rimoti yake bado ina betri.